Mkoba wa mgongoni, ila wa kupakata

Jamani mimi mikoba ya mgongoni nshanunua mingi, na yote nlikuwa nachagua kwa kuivaa pale pale dukani, najigeuza geuza mbele ya kioo, kumbe kosa lenyewe ndo hilo. Sisi tunaopanda daladala namba 116 kila siku hapa Unguja, mjini mpaka Nungwi na kurudi, mkoba hatuuvai, tunaupakata. Zaidi ya saa nzima uko mapajani, mgongoni unakaa dakika zile za kutoka kituoni tu.

Gari zenyewe mnazijua. Unaingilia nyuma umeinama, mabenchi huku na huku watu wanatazamana magoti kwa magoti, na katikati wanachutama waliobaki maana kwa utingo gari haijai hata siku moja. Sasa ingia na mkoba mgongoni uone, ukiinama ushampiga mtu wa uso, ukigeuka kumwomba radhi ushampiga na wa pili.

Ule wangu wa mwanzo ulikuwa mkubwa wa safari, na mkubwa hupakati, unapandishwa juu kwenye keria. Siku hiyo ukalazwa ubavuni mwa pakacha la samaki, kufika Mahonda mvua hiyo, maji ya samaki yote yakaingia ndani, nafika kazini sare inanuka changu. Nimeifua mara tatu. Tangu hapo nikasema keria basi.

Huu wa sasa nimeupata Darajani kwenye mitumba, muuzaji alianza 35,000 eti "dada huu wa Ujerumani huu", nikamwambia shekhe hata ukiwa wa Uchina sawa, nipe kigoda kwanza nikae. Akacheka lakini akanipa. Nikakaa, nikaupakata na vitambaa vyake alivyouchomekea ndani ili uvimbe, na hapo ndo nikaujua. Upana haukupita mapaja yangu, urefu haukunifika kidevuni, na unene ni morita moja tu, ile gumba mpaka kidole cha shahada. Huo unene ndo wa kuutazama kuliko vyote. Ndani umeandikwa lita 16 lakini lita zisikuhadae, mkoba wa lita hizo hizo ukiwa mnene kama boga unamgota wa mbele yako tumboni. Tukaishia 22,000.

Unaingia sare, raba bapa, mtandio, chaja, chupa ya maji na bakuli la chakula likiwa bapa la mfuniko. Hotipoti sahau. Nlioupendea zaidi ni kwamba nje hauna vile vimfuko vya wavu vya chupa, vile ni balaa, mkoba wangu mmoja ulinasa ushungi wa bi mkubwa wa watu nashuka nao Mkwajuni, karibu nitukanwe na gari nzima. Ncha za mikanda zilikuwa zinaning'inia nikampa fundi cherehani 1,000 akazikunja akazishona. Na kishikio cha juu kigumu kweli, unashuka umeukamata mkononi kama ndoo.

Ubaya upo. Zipu zake zilikuwa za chuma, na mie kazi yangu pwani, upepo wa chumvi mchana kutwa, mwezi wa tano zikashika kutu hazendi mbele wala nyuma. Nikabadilisha nikatia za plastiki, 4,000, kwa hiyo hesabuni na hiyo kwenye bei, au chagueni wenye zipu za plastiki tangu mwanzo. Mvua nayo hauzuii, kitambaa kinakunywa maji kama sponji, masika nauvalia koti la mvua juu kabisa naonekana kama nna mtoto ndani. Na rangi ni ya maziwa, sijui nlikuwa nafikiria nini siku hiyo, kila Ijumaa naufua.

Mfuko wa mbele nautilia tishu na nauli tu. Simu huko usiweke, ukiuvaa sokoni huo mfuko uko kwa wenzio hauko kwako.

Mwenye kuutaka kama huu awahi asubuhi wakati wanafungua marobota, ikifika adhuhuri imebaki ile mikubwa ya watalii. Na kigoda muombe, asipokupa kaa hata juu ya robota.