Utrasaundi ya Ngamiani na ile gesi tuliyoidharau

Nyota nne kwa tano. Moja nimeizuia kwa sababu ya mabenchi na ile karatasi ya majibu, nitafika huko.

Mjomba wangu ana miaka 71, baharia wa majahazi mstaafu, siku hizi anauza nazi. Jumatatu alfajiri tumbo lilimkamata. Si mtu wa kulialia, lakini siku hiyo alishika mwimo wa mlango akawa anamwita marehemu mama yake. Cha ajabu, ukilibonyeza tumbo ni laini tu. Duka la dawa tulilokimbilia (silitaji) hawakumgusa hata mkono. "Mzee, hiyo gesi." Vidonge vya kutafuna, chupa ya dawa nyeupe, shilingi 6,000, haya nendeni. Tukaamini. Watu wa Tanga na bada letu na kunde, nani asiyeijua gesi?

Kufika saa nne midomo imemkauka, nikamtia kwenye bajaji.

Kituo chenyewe ni kidogo. Mabenchi ya mbao hayana hata mgongo. Mtu anayejikunja kwa maumivu aegemee wapi? Feni ipo, ya kutazama. Nililipa 30,000 kabla hajatokea wa kutusalimia. Basi, lawama za mapokezi zimeishia hapo, maana ndani tulimkuta dada mmoja anayeijua kazi yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, nakufa."

Kabla hajagusa mashine alimshika kifundo cha mkono, kimya, kama dakika nzima. Akaniuliza kama ana dawa za moyo, maana mapigo yanarukaruka. Anazo. Mjomba mwenyewe akakiri zilikwisha wiki mbili nyuma, na hakusema kwa kuogopa kutusumbua.

Kisha akampaka ile jeli ya baridi. Kwenye kioo, ndani ya ini, niliona chembe nyeupe zinakimbia mshipani kama dagaa walioona karabai usiku. Akafungua sauti: mvumo wa damu, na katikati yake vitu vinapasuka, ta, ta, ta.

"Kaka, hii ni hewa ndani ya vena pota."

Nami kwa ujinga wangu nikashusha pumzi. Si ndiyo ileile gesi!

Akaacha kazi akanigeukia. Gesi ya tumbo, alisema, ina milango miwili ya kutokea na hasara yake ni aibu. Hii imepenya ukuta wa utumbo ikaingia kwenye damu, kwenye mshipa unaobeba damu ya utumbo kuipeleka kwenye ini. "Hewa si ugonjwa, ni dalili. Kilichoiingiza ndicho cha kutafutwa, tena leo." Yaweza kuwa utumbo umekosa damu au umeziba, jipu la tumboni, vidonda vya tumbo, hata kupimwa kwa mpira wa kamera; na kwa watoto njiti, utumbo unaooza. Nyingine hupona bila kisu. "Lakini mzee mwenye mapigo haya simrudishi nyumbani." Akapiga simu hospitali mwenyewe, akatutoa mlango wa nyuma, bajaji ikaja mpaka kizingitini.

Siti-skani ilikuta hewa imefika ukingoni mwa ini, chini ya sentimita 2 kutoka kwenye utando unaolifunika ini. Daktari wa upasuaji alinieleza kwamba hewa ya mirija ya nyongo hukaa katikati, kwa kuwa nyongo huteremka kutoka kwenye ini; hii husukumwa na damu mpaka pembezoni. Ukuta wa utumbo nao ulikuwa na mapovu. Bonge la damu lilitoka moyoni likaziba mshipa wa utumbo. Saa kumi walimpasua, wakakata kipande cha urefu wa mkono wangu hadi kiwiko.

Usiku ule, kwenye baraza ya wodi, nilifanya kosa la kusoma simu. Hesabu ya mwaka 1978, wagonjwa 64 wenye hewa kama hii: asilimia 75 walikufa. Ya mwaka 2001, wagonjwa 182: asilimia 39. Sikulala. Asubuhi daktari akaniambia siku hizi siti-skani inaona hata hewa kidogo ya wagonjwa wasio mahututi, ndiyo maana vifo vinaonekana kupungua. Utumbo uliooza haujapunguza ukali wake.

Mjomba yuko nyumbani, anakula uji, anagombana na watu.

Sasa ile karatasi. Ni Kiingereza kitupu, hakuna hata mstari mmoja wa kumweleza mtu wa nyumbani. Mkaza mjomba aliikuta juu ya meza, akaambulia neno moja tu, lile la gesi, akaanza kuchemsha tangawizi.

Mkienda, bebeni dawa zote za mgonjwa, hata makopo matupu. Na nendeni asubuhi. Jioni yule dada hayupo zamu.