SQM kwenye ruta yangu: miezi minne ya kupanga foleni na kutia alama pakiti

Kila nilipokuwa kwenye simu ya kazi na kompyuta nyingine ikaanza kupakia picha, sauti yangu ilikatika. Ruta ilikuwa tayari na OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, basi nikaandika kanuni ya kuzipa pakiti za sauti (vile vipande vidogo vya data) alama ya DSCP, namba ya kipaumbele inayoandikwa kwenye pakiti. Nilichagua 46, yaani EF, ambayo ndiyo iliyotengewa sauti. Hakuna kilichobadilika.

Jioni tatu zilipita kabla sijaelewa kwamba alama ni lebo tu. Foleni yangu ilikuwa ikijazana ndani ya modemu, na modemu ile haikusoma lebo ya pakiti yoyote: iliyotangulia kufika ndiyo iliyotangulia kutoka.

Nikaweka SQM, programu ya OpenWrt ya kusimamia foleni ya pakiti. Laini yangu hupakia megabiti 5 kwa sekunde, nami nikaibana kwenye ruta iishie 4.5. Inauma kukata kasi uliyoilipia, lakini katika yote niliyojaribu hili ndilo lililonifaa zaidi, kwa sababu foleni ilihamia kwenye ruta, ninakoweza kuitawala. Pingi, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, iliyokuwa ikipanda hadi milisekunde 600 wakati wa kupakia sasa haivuki 45. Na hapo zile alama zilikuwa bado hazijafanya kazi yoyote!

Hazikufanya kazi kwa sababu kati ya skripti za SQM zinazotumia CAKE, kipanga foleni chake, nilikuwa nimechagua piece_of_cake, ambayo haizitazami kabisa. Inayozitazama ni layer_cake: hugawa pakiti katika makundi matatu, za kusubiri, za kawaida na za haraka. Nikafurahi mno, nikaipa 46 sauti, video, michezo, karibu kila kitu. Kumbe kundi la haraka hupewa kipaumbele likiwa ndani ya robo ya kasi uliyoweka. Likizidi, upendeleo unapotea. Sasa 46 ni ya sauti peke yake, na nakala za akiba zinazopakiwa usiku nimezipa 8 ili zipishe nyingine.

Upande wa kupakua, kanuni zangu hazisaidii. Pakiti zinazoingia hupita kwenye foleni kabla kanuni hazijazigusa, na kwangu hufika zikiwa na alama sifuri zote, zimeshafutwa njiani. Huko nimeiachia CAKE igawe kasi kwa haki kati ya vifaa, nikawasha chaguo la nat, maana bila hilo vifaa vyote vya ndani huonekana kama kimoja.

Mwenye laini ya mamia ya megabiti aangalie kichakataji kwanza. Kazi hii yote inakiangukia chenyewe, na uharakishaji wa maunzi, yaani chipu ya ruta kupitisha pakiti bila kichakataji, lazima uzimwe, la sivyo pakiti zitaikwepa foleni. Kwa laini ndogo kama yangu, ruta ya miaka mingi inatosha, na siku hizi picha hupakiwa nikiwa katikati ya simu bila mtu wa upande wa pili kuniomba nirudie nilichosema.