SHA kwa familia isiyo na mshahara: kiwango ni nafuu, kulipa mwaka mzima kwa mpigo ndiko kunakoumiza

NHIF, bima ya taifa ya hospitali nchini Kenya iliyokuwapo tangu mwaka 1966, ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, tarehe 1 Oktoba 2024. Tangu hapo mama mboga, fundi wa juakali, mwendesha boda na kibarua wa mashamba ya chai wanauliza jambo moja: je, tumefaidika au tumebanwa? Tumeipima huduma hii kwa mfuko wao. Kwa wengi wao kiwango cha malipo ni nafuu kuliko cha zamani. Kinachowaangusha ni namna kiwango hicho kinavyodaiwa.

Tuanze na hesabu. Chini ya NHIF, asiye na mwajiri alilipa shilingi 500 kwa mwezi, awe na pesa au asiwe nazo. SHA huchukua asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, na haishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Ukipiga hesabu utaona kwamba kaya yoyote inayokadiriwa kupata chini ya shilingi 18,180 hivi kwa mwezi inalipa kidogo kuliko ilivyolipa zamani. Inayokadiriwa kupata 15,000 hudaiwa 412.50 kwa mwezi. Ya 25,000 hudaiwa 687.50, kwa hiyo imepandishiwa.

Kwa walioajiriwa mambo ni hayo hayo. Mlinzi wa shilingi 18,000 alikatwa 600, sasa anakatwa 495. Anayelipwa 12,000 ameshuka kutoka 500 hadi 330. Lakini mfanyakazi wa nyumbani anayelipwa 5,000 amepanda kutoka 150 hadi 300, na huyo ndiye wa chini kabisa. Hapa sheria imekosea: kima cha chini cha 300 ni asilimia sita ya mshahara wake, ilhali bosi wake anakatwa 2.75 tu.

Sasa tuje kwenye kiini. Aliyeajiriwa hukatwa kila mwezi, wala hahisi sana. Asiye na mwajiri hudaiwa malipo ya miezi 12 kwa mara moja, mbele. Kima cha chini kabisa kinakuwa 3,600. Yule wa 15,000 anatakiwa kutoa 4,950 kwa siku moja, na wa 25,000 anatakiwa 8,250. Mtu anayeuza sukuma wiki na nyanya, akapata faida ya mia tatu au nne kwa siku, anaweza kutenga shilingi kumi kila jioni bila taabu, na kumi kwa siku ndiyo hiyo 3,600 ya mwaka. Asichoweza ni kuwa nayo yote Januari, wakati karo, sare na madaftari vimeshaimeza. Waliobuni mpango huu walipanga kana kwamba kila mtu huvuna mara moja kwa mwaka.

Kiwango hicho cha kaya hutoka kwenye maswali ya kupima uwezo unayojibu baada ya kujisajili. Unaulizwa mko wangapi, ukuta, paa na sakafu ni vya nini, maji mnatoa wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mna mifugo gani. Mfumo haujui unapata shilingi ngapi. Unakisia kutokana na nyumba. Hapo ndipo makosa huzaliwa. Mjane anayeishi katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na mumewe anaonekana ana uwezo, na kijana wa chumba cha kupanga kwenye ploti yenye stima na choo cha kuvuta maji anaonekana hivyo pia, hata kama vifaa hivyo ni vya mwenye ploti. Kosa jingine ni kuhesabu watu vibaya: mtu anajibu kwa haraka, anaacha nje watoto au mzazi mzee anayeishi naye, na kiwango kinaweza kupanda kwa sababu mapato yaliyokisiwa yanaonekana ni ya watu wachache. Jibu ukiwa umetulia, usimwachie kijana wa cyber akujazie kwa kubahatisha. Ukiona kiwango hakifanani na maisha yenu, usikimbilie kulipa. Nenda ofisi ya SHA au Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, ukiwa na kitambulisho, uombe majibu yapitiwe upya.

Usajili wenyewe ni mwepesi na hauna malipo. Piga *147#, au ingia afyayangu.go.ke, au mtafute mhudumu wa afya wa kijijini kwenu. Unahitaji kitambulisho cha taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mume aliyeajiriwa asidhani kwamba makato yake yanamfunika mke moja kwa moja. Mke na watoto wasipoingizwa kama wategemezi wake, hospitali haitawaona, na mke atadaiwa kujilipia kama kaya nyingine.

Kujisajili peke yake kunakupa kitu ambacho watu wengi hawakitumii. Katika zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, matibabu ya kawaida hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi hata kama hujatoa shilingi kwa SHIF, mfuko wa bima wa SHA unaopokea michango yenu. Mtoto ana homa, mzee anapimwa presha, mjamzito anakwenda kliniki: hapo. Udhaifu wake ni dawa. Rafu zikiwa tupu unaandikiwa karatasi ukanunue kwenye duka la dawa, na hapo neno bure linaisha. Ulizia kwanza kama dawa zipo kabla ya kupoteza nauli.

Kuanzia hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu, asiyelipia SHIF ni mgonjwa wa pesa taslimu. Na hapa tuseme wazi jambo linalotuuma, nalo ni uzazi.

Chini ya Linda Mama, mpango wa zamani wa serikali wa uzazi bila malipo, mama asiye na bima alijifungua bila kutozwa. Chini ya SHA, kliniki ya ujauzito iko kwenye afya ya msingi, lakini kujifungua kuko kwenye SHIF, shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Viwango hivyo ni vizuri kwa hospitali. Ila vinalipwa tu kama jina la mama limelipiwa mwaka mzima. Fikiria saa nane usiku kwenye dirisha la mapokezi: karani anaingiza nambari ya kitambulisho, skrini inaonyesha mama amesajiliwa ila hajalipa. Mume amesimama na simu mkononi, M-Pesa ina mia nane. Anapigia kaka, anapigia katibu wa chama chao cha akiba, huku mkewe ameegemea ukuta akihesabu uchungu. Familia hiyo haikukataa bima. Ingetoa 300 kila mwezi kwa miezi tisa, lakini mfumo haukuwa na mahali pa kuipokea kama kinga ya mwezi huo. Kumwondolea mama maskini huduma aliyokuwa nayo kabla ya kumtafutia njia ya kulipa kidogo kidogo ni kosa kubwa la mageuzi haya, na linapaswa kurekebishwa.

Njia ipo sasa kwa namna fulani: Lipa SHA Pole Pole, inayopatikana kwa *147#. Elewa kwamba ni mkopo. Malipo yako ya mwaka yanatangulizwa, nawe unarejesha kwa awamu. Soma jumla utakayorejesha kabla ya kukubali, na usichague awamu ya kila siku kama kazi yako ina siku za mvua. Kwa maoni yetu chama kinafanya kazi bora zaidi: wanachama kumi na wawili, kila mwezi mchango wa 300, na kila mwezi mmoja wao analipiwa 3,600 yake kamili. Wajawazito na wenye wagonjwa wa kudumu wawe wa kwanza kwenye foleni. Kwa anayesafishwa figo hakuna mjadala, maana kila kipindi hulipiwa shilingi 10,650, na kipindi kimoja tu kinazidi ada ya mwaka mzima ya kaya nyingi.

Ukishalipa, usiridhike na ujumbe wa M-Pesa. Piga *147# tena uhakikishe hali yako imebadilika, na ufanye hivyo mapema, si mlangoni mwa wodi. Andika tarehe ya mwisho wa kinga nyuma ya daftari la kliniki, kwa kuwa malipo ya mwaka unaofuata yanatakiwa siku 14 kabla ya kinga kuisha. Mtoto akizaliwa, chukua karatasi ya taarifa ya kuzaliwa kabla ya kuondoka wodini na uanze kumwingiza kwenye akaunti wiki hiyo hiyo.