Chujio la chungu kwa sisi wa maji ya korongo na lambo

Jamani mnaoulizia yale machujio ya chungu cha udongo kinachokaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye koki, huku kijijini kwetu Chamwino nyumba kadhaa wanayo na sisi tunalitumia, nunueni tu ila mjue mnanunua nini. Udongo wa kile chungu unachanganywa na vumbi la mbao au pumba, kikichomwa tanuruni zile pumba zinaungua zinaacha vitundu vidogo mno, maji yanapenya tope na vijidudu vingi vinabaki juu.

Kiangazi tunachimba maji korongoni, mvua zikinyesha tunachota lambo moja na ng'ombe, sasa yale yale yakitoka kwenye koki ni meupe kabisa alafu ya baridi kama ya mtungini. Mama mkwe wangu maji ya dawa hataki hata kuyasikia sababu ya harufu, haya anakunywa mwenyewe bila kusukumwa, na kuni za kuchemshia maji ya kunywa tumepumzika nazo.

Shida ni mwendo. Linatoa lita 1 mpaka 3 kwa saa, kwahiyo lazima ujaze usiku kabla ya kulala na asubuhi ujaze tena, usipofanya hivo watoto wanatoka shule na kiu wanakuta ndoo tupu wanakunywa ya kwenye pipa, na hapo ndo nyumba nyingi linapofia, chujio lipo sebuleni limefunikwa kitambaa kizuri ila tumbo la kuhara liko pale pale. Maji ya tope yaache yatulie kwanza, yapitishe kwenye khanga safi ndo umimine. Likianza kudondoka pole pole sugua chungu kwa brashi laini na maji tu, SABUNI HAPANA, vitundu vinaziba na maji yananuka sabuni.

Na chumvi haliondoi jamani, wenye visima vya chumvi msidanganywe, wala floridi haliondoi, yale madini ya kwenye maji yanayotia meno madoa ya kahawia, ndugu zetu wa Singida ambako yapo kwa wingi hilo mlizingatie sana.

Kilichoniuma ni spea. Koki yetu ilianza kuvuja, muuzaji anasema koki haziuzwi peke yake ninunue chujio zima, huo ni uonevu kwa mtu anayesubiri auze ufuta ndo apate hela. Kabla hujatoa pesa muulize kama ana koki na chungu cha akiba, akikosa nenda kwa mwingine.