Ziara ya makanisa ya Mombasa na Fort Jesus: robo saa kwa meli, saa nzima kwa vinyago

Hasira hii nimekaa nayo tangu likizo iliyopita na haijapoa, kwa hiyo naiandika. Mtu akikushawishi ujiunge na ile ziara ya siku moja Mombasa, makanisa makuu mawili asubuhi kisha makumbusho ya Fort Jesus mchana, muulize kwanza: njiani mtasimama kwenye duka la vinyago muda gani? Sisi siku yetu iliishia hapo.

Nianze na haki yao. Asubuhi ilikuwa nzuri. Makanisa yote mawili yako barabara ya Nkrumah, hakuna kuhangaika. Kanisa la Ukumbusho la Waanglikana lilinishangaza: lina kuba na matao, na mama mmoja wa kundi letu aliuliza kwa sauti mbona linafanana na msikiti. Mwongozaji wetu hakumjibu, alikuwa mlangoni na simu yake. Aliyemjibu ni mzee mmoja aliyekuwa akipanga vitabu vya nyimbo kwenye viti. Aliacha kazi yake, akatueleza kwamba waliojenga kati ya 1903 na 1905 waliiga makusudi ujenzi wa pwani, na kwamba kanisa linamkumbuka Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga, Uganda ya leo, mwaka 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Hakuomba hata senti. Kanisa Katoliki la Roho Mtakatifu tuliliona upesi, ila hata hapo nilikaa kwenye kiti dakika kadhaa nikapumzika roho. Mpaka hapo ningewapa alama zote.

Kisha basi likakata kona tusiyoambiwa. Duka la vinyago. "Dakika kumi tu, jamani, mpate zawadi za nyumbani." Dakika kumi zikawa nusu saa, nusu saa ikawa saa nzima na zaidi. Mwongozaji alikaa kaunta anakunywa soda na mwenye duka, na kila mtu aliyelipa kitu alimfuata kwa macho mpaka pesa ziingie drooni. Sina haja ya kuambiwa kamisheni ni nini.

Sasa, mimi nilimleta baba. Baba alipakua meli Kilindini karibu maisha yake yote ya kazi, na mwishoni mwa miaka ya sabini walisikia pale bandarini habari za wapiga mbizi waliokuwa wakizama mbele ya ngome kutafuta manowari ya Wareno. Ni kweli ilikuwepo. Inaitwa Santo António de Tanná, ilitoka Goa kuja kuiokoa ngome iliyozingirwa na Waomani, ikazama hapo hapo mbele ya kuta mwaka 1697. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi walitoa vitu vyake vingi. Mbao za chombo chenyewe walizipima, kisha wakazifukia tena chini ya bahari, na ziko huko hadi leo. Baba hakuwahi kuingia makumbusho kuona vilivyotolewa. Ndiyo sababu nililipa.

Tulipofika ngomeni jua lilikuwa limeshageuka. Tukapewa robo saa. Robo saa, kwa ngome iliyojengwa tangu 1593! Nilimpitisha baba mbio kwenye ule ukuta wenye michoro ya askari wa Kireno, ya mkaa na udongo mwekundu, yenye vyombo vya baharini. Alisimama. Akanyoosha kidole hewani bila kugusa, akawa anafuata milingoti mmoja mmoja, anasema huyu aliyechora alikuwa mtu wa melini, tazama kamba zinavyoshuka. Nikamwona ameanza kufurahi.

Tukaingia kwenye vitu vya manowari. Baba akaanza kuuliza. Mzigo ulikaa wapi? Ilizama kwa mzinga au kwa mwamba? Na Bwana Dau wa Faza je, yule aliyeishikilia ngome na watu wake wa pwani wakati Wareno wenyewe walikuwa wamekwisha kwa maradhi, ametajwa wapi hapa? Maswali ya mtu mwenye akili zake. Mwongozaji akapiga makofi mawili, kama anaswaga mbuzi, akasema mbele ya watu wote: "Mzee, meli ilizama zamani hizo, haitaelea leo. Twende garini."

Watu wengine walicheka. Baba alinyamaza. Akasema, "Haya, mwanangu, twende," akatangulia kutoka.

Nilimwambia yule kijana maneno yangu pale pale langoni na sijutii hata moja. Mtu wa umri wa babu yako humpigii makofi. Na kazi uliyolipwa ni kujibu maswali. Kama hujui, sema hujui, kuna wafanyakazi wa makumbusho hatua chache tu, muulize mmoja wao. Alinijibu kwamba ratiba ni ya ofisi. Ofisi nikaiandikia. Ikanijibu kwa ujumbe mmoja kwamba wamesikitika na watanipa punguzo safari ijayo. Safari ijayo ipi?

Nilitaka kusema msipande nao kabisa. Lakini dereva alikuwa mstaarabu, alimshika baba mkono kila aliposhuka, na asubuhi ile ya makanisani singependa mtu aikose. Basi kama mmeshalipa, nendeni nao mpaka kanisa la pili, kisha shukeni. Kutoka Nkrumah hadi Fort Jesus ni mwendo mfupi kwa miguu. Kateni tiketi wenyewe na mkae humo hadi wafunge.

Hapana, hata hilo nalitengua. Msiwape pesa yenu. Makanisa hayahitaji basi wala mwongozaji wa namna hiyo. Ingieni polepole, ulizeni watu wa mle ndani, na mkimkuta mzee wa vitabu vya nyimbo, msalimieni vizuri. Baba nitampeleka tena ngomeni mwenyewe, asubuhi na mapema, na hatutatoka mpaka achoke yeye.