Leva ikikwama kwa P usikimbilie kununua giaboksi: fundi wa umeme wa Shabab, Nakuru

Kama uko Nakuru na una otomatiki ya zamani, hizi Toyota kama NZE, Premio za kale, Probox, na siku moja leva ya gia ikatae kutoka P (Park, ile ya kupaki), tafadhali tafuta fundi wa umeme wa gari kabla ya fundi wa giaboksi. Mimi nilihudumiwa na mmoja wa Shabab, kagereji kadogo tu ka mabati, na kazi yake imeniridhisha mpaka nikaona lazima niandike.

Shida yenyewe ilikuwa hivi, gari inawaka vizuri, ukikanyaga breki na ubonyeze kale kakitufe ka leva, leva haitoki P. Ilianza polepole, leo inakataa kidogo ukikanyaga tena inakubali, kesho iko sawa, halafu ikakataa kabisa. Mahali pa kwanza nilipouliza, na sitapataja, niliambiwa giaboksi imeisha niweke ingine ya ex-Japan, shilingi 60,000 na kitu, na hapo hakuna mtu alikuwa amefungua hata mlango wa hio gari. Mtu wa kukuuzia giaboksi bila kupima kitu huyo hana haja na gari yako.

Huyu wa Shabab nilipompigia simu, swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: ukikanyaga breki, taa za nyuma zinawaka? Nikamwita jirani asimame nyuma aangalie, hakuna taa, hata moja. Akasema basi usisumbue giaboksi, nakuja. Akapanda boda mpaka kwangu Milimani.

Venye alinieleza ni hivi, na nimeona ni vizuri kila mwenye otomatiki ajue. Kwa P kuna kifuli kinachozuia leva isitoke kama hujakanyaga breki, ndio mtoto asije akaivuta gari ikaondoka. Juu ya pedeli ya breki kuna swichi ndogo, hio hio moja inawasha taa za breki na pia inapeleka habari kwa kifuli kwamba mguu uko kwa breki. Hapo solenoidi (sumaku ndogo ya umeme) iliyo chini ya leva inavuta kile kifuli, unasikia tk, na leva inakuwa huru. Kwa hivyo swichi ikifa ama fyuzi ya taa za breki ikiungua, unakosa taa na unafungiwa P kwa wakati mmoja. Hata betri ikiisha kabisa leva inakataa, juu solenoidi haina moto (umeme) wa kuvuta kifuli.

Alianza na fyuzi, ilikuwa mzima. Akalala chali miguu iko nje ya mlango kichwa kiko chini ya dashibodi, na ile taa yake ya kupimia. Waya unaoingia kwa swichi una moto, unaotoka hauna kitu hata ukikanyaga mpaka mwisho. Halafu akafanya kitu kilichonifurahisha sana, alichomoa soketi, akaunganisha zile waya mbili na kipande cha waya, akaniambia weka switch on usiwashe injini. Taa za nyuma zikawaka, tk ikasikika chini ya leva, na nilipoivuta ikateremka laini mpaka D, ile ya kwenda mbele. Yaani hapo hata mimi nisiyejua gari nilijionea kwa macho shida iko wapi, hakuna kubahatisha.

Swichi ilikuwa shilingi 900 dukani, kazi yake akataka 1,500 pamoja na kuja. Kuiweka pia hakulipua, aliirekebisha mpaka taa zikawa zinawaka pedeli ikiguswa tu na zinazima ukiachilia, kwa sababu ikikaa vibaya taa zinabaki zinawaka usiku kucha na asubuhi betri ni mfu.

Pia alinionyesha kale kashimo kenye kifuniko kando ya leva, pameandikwa SHIFT LOCK. Vuta handbreki, kanyaga breki, tumbukiza ncha ya ufunguo ama bisibisi ubonyeze, leva inatoka. Lakini hio ni ya kukutoa ulipokwama tu. Najua watu wanaoendesha hivyo wiki nzima na hilo linaniudhi kweli, manake kama swichi ndio imekufa unaendesha bila taa za breki, na barabara ya Gilgil usiku na malori yako nyuma yako, dereva wa lori atajuaje umesimama?

Ushauri mwingine aliotoa ni wa sisi tunaopaki kwa mteremko, na Milimani ni mteremko mtupu. Ukiweka P ukaachilia breki, uzito wote wa gari unakalia kachuma kadogo kanakofunga P ndani ya giaboksi, ndio maana asubuhi leva inavutika kwa nguvu na inatoa mshindo. Simama, weka N (gia huru), vuta handbreki, achilia mguu kidogo gari ikalie handbreki, ndio uweke P. Nafanya hivyo siku hizi na ule mshindo umekwisha.

Mabaya yake yapo. Simu hashiki haraka, na akikuambia saa nne jua ni saa sita. Risiti mpaka uiombe. Pale kwake hakuna kivuli wala kiti cha kungojea, kwa hivyo afadhali aje kwako. Na kazi yake ni umeme tu: kama leva yako inasonga bila shida lakini gari haishiki gia, hio mara nyingi ni bushi, kale kapete kanakoshikilia kebo ya gia, imekatika, na hapo yeye mwenyewe atakuambia utafute mekanika. Ukisikia tk lakini leva bado haitoki, mwambie mapema kwa simu ndio ajue atafungua konsoli (ile sehemu ya katikati inayozunguka leva), kuna watu wamemwaga soda pale mpaka kila kitu kikagandana.

Mimi nampa nne kwa tano, na hio moja nimeikata kwa sababu ya saa.