Setilaiti au kipima hewa cha ukutani: nani aifuatilie salfa?

Salfa dioksidi, gesi itokayo kwenye volkano na viwandani, haionekani kwa macho, lakini hufyonza miale ya urujuanimno ya jua. Hapo ndipo setilaiti ya Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, huikamata: chombo chake, TROPOMI, husoma mwanga unaorudi angani na kukadiria gesi hiyo yote iliyo njiani mwake. Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira kule Kongo hufuatwa mbali sana, bila mtu kukanyaga mlima. Na data ni bure.

Sasa shuka Mukuru, kando ya Eneo la Viwanda hapa Nairobi. Doa moja la picha ya TROPOMI ni takriban kilomita 5.5 kwa 3.5, mtaa mzima na viwanda vyake humezwa humo. Isitoshe, setilaiti hupita mara moja kwa siku, mwendo wa saa saba na nusu mchana. Bomba likitapika usiku wa manane, haina habari. Na mawingu yetu ya Julai, je?

Kipima hewa kwenye ukuta wa shule hupima hewa ileile anayoivuta mtoto, usiku na mchana. Vipimo vyake ndivyo vinavyoweza kuwekwa kando ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha 2021: mikrogramu 40 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24. Ila kinahitaji umeme, na vile vya bei nafuu hupotoka visiporekebishwa.

Kwa volkano, nachagua setilaiti bila kusita. Kwa Mukuru, nifungieni kipima hewa kwanza.